Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ushindani wa Chipu za Kumbukumbu

Karakana yetu iko Kariakoo, katika chumba ambacho mteja hukifikia kwa kupanda ngazi nyembamba, na karibu kila siku kuna anayetuuliza kwa nini RAM iliyotoka katika kompyuta moja haiingii katika nyingine, au kwa nini kadi ndogo kama kidole hupanda bei mwaka huu na kushuka mwaka unaofuata. Jibu fupi tunalitoa papo hapo. Jibu refu linahitaji kueleza mashindano yaliyodumu zaidi ya miaka hamsini baina ya teknolojia mbalimbali za kuhifadhi biti, na ndilo tulilolikusanya hapa kwa ajili ya wateja wetu na wanafunzi wanaokuja kujifunza ufundi.

Kumbukumbu ya kompyuta ni nini, na kwa nini kifaa kimoja kina aina tatu au nne za kumbukumbu?

Kumbukumbu ni mahali ambapo kompyuta huweka biti, yaani sifuri na moja, ili izisome tena inapozihitaji. Kila mnunuzi angependa chipu moja yenye sifa nne kwa pamoja: iwe na kasi, iwe rahisi kwa bei, ibebe data nyingi, na isisahau chochote umeme unapokatika. Chipu hiyo haijapatikana hadi leo, na ndiyo maana kazi imegawanywa.

SRAM, ambayo kwa kawaida hutumia transista sita kwa kila biti, inazishinda nyingine kwa kasi, lakini inakula nafasi kubwa, hivyo huwekwa ndani ya prosesa yenyewe kwa kiasi kidogo. DRAM, ambayo ndiyo watu huiita RAM madukani, hutumia transista moja na kapasita moja tu kwa kila biti, na kwa sababu hiyo inaweza kubeba gigabaiti nyingi kwa bei inayovumilika. Tatizo lake ni kwamba kapasita hiyo huvuja kama dumu lenye ufa: ikiachwa, chaji hupotea na biti husahaulika, kwa hiyo chipu hulazimika kusoma na kuandika upya kila safu ya biti zake, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Flashi, ambayo ndiyo kumbukumbu ya kadi za kamera na diski za SSD, haivuji kwa namna hiyo na hukumbuka kwa miaka bila umeme, lakini ni nzito kuandika, na huchakaa kila inapofutwa.

Basi mtu anayeandika barua yake Tabata na umeme ukakatika kabla hajaihifadhi, barua hiyo ilikuwa kwenye DRAM. Iliyobaki salama ni ile iliyokwisha kuandikwa kwenye diski.

Kabla ya chipu, data ilihifadhiwa katika nini?

Kuanzia miaka ya 1950 kompyuta kubwa zilitumia vipete vidogo vya ferite vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, kila kipete kikibeba biti moja kwa mwelekeo wa usumaku wake. Jay Forrester wa MIT na An Wang, aliyekuwa Harvard, ni miongoni mwa waliotajwa sana katika kuivumbua teknolojia hiyo. Kutunga nyaya hizo ilikuwa kazi ya mikono na macho, na gharama yake haikuweza kushuka chini ya kiwango fulani kwa sababu vidole vya binadamu havipungui ukubwa mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM alipewa hataza ya seli ya DRAM yenye transista moja, na mwezi Oktoba 1970 Intel ikaanza kuuza chipu yake ya 1103, yenye biti 1,024. Mafundi wa wakati huo hawakuipenda sana, kwa kuwa ilikuwa na masharti mengi ya umeme na ya muda, na seli yake ilikuwa bado ya transista tatu. Tena ilikuwa na udhaifu ambao vipete havikuwa nao: ilisahau kila kitu umeme ulipozimwa. Hata hivyo bei ya kila biti iliendelea kushuka, na katika muda wa miaka michache vipete vikaondoka sokoni. Tunamwomba msomaji aliweke akilini tukio hili, kwa sababu litajirudia: teknolojia iliyokuwa bora katika sifa moja muhimu ilishindwa na nyingine iliyokuwa na njia ndefu zaidi ya kupunguza gharama.

Ikiwa Intel ndiyo iliyoanza, mbona hakuna RAM ya Intel madukani?

Intel ilianzishwa mwaka 1968 kwa nia ya kutengeneza kumbukumbu, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni za Japani kama NEC, Hitachi, Toshiba na Fujitsu zilikuwa zikitengeneza DRAM yenye kasoro chache zaidi na kwa bei ambayo Wamarekani hawakuiweza. Mwaka 1985 viongozi wake, Gordon Moore na Andy Grove, waliamua kuiacha DRAM na kubaki na prosesa. Uamuzi huo uliwauma, kwa maana ulikuwa sawa na mwokaji kuacha mkate, lakini ndio uliowapa nafasi ya kutawala soko la prosesa. Ubingwa wa Japani nao haukudumu. Wakorea waliingia kwa nguvu katika miaka ya 1990.

Mashindano baina ya Rambus na DDR yalihusu nini?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, na tutalijibu kwa urefu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zimeanza kuiacha nyuma RAM ya aina ya SDRAM. Kampuni ya Rambus, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1990 na Mike Farmwald na Mark Horowitz, ilikuja na wazo lisilofanana na la wengine. Badala ya kutumia njia pana yenye biti 64 inayokwenda polepole, ilitumia njia nyembamba ya biti 16 inayokwenda mbio sana. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. SDRAM ya megahezi 133 hupitisha biti 64 mara milioni 133 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 1 na kidogo. RDRAM ya Rambus iliyoitwa PC800 ilipitisha biti 16 mara milioni 800, sawa na gigabaiti 1.6. Ilikwisha kutumika katika mashine ya michezo ya Nintendo 64 mwaka 1996, na baadaye ikawemo katika PlayStation 2.

Intel ilikubaliana na Rambus mwaka 1996 kwamba RDRAM ndiyo ingekuwa RAM ya kompyuta zake zijazo. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Chipseti ya 820 ya Intel, yaani chipu za kuunganisha prosesa na RAM, iliyokusudiwa kuifungulia njia RDRAM, ilicheleweshwa dakika za mwisho mwaka 1999 kwa sababu ubao mama wenye sloti tatu ulikuwa ukitoa makosa, na ilipotoka ilibidi sloti zibaki mbili. Kwa wale wasiotaka kulipia RDRAM, Intel iliweka chipu ya kutafsiri ili ubao huohuo ukubali SDRAM ya kawaida. Mwaka 2000 ikagundulika kwamba chipu hiyo nayo ina kasoro, na mbao zenye chipu hiyo zikabidi zibadilishwe.

Wakati huohuo watengenezaji wa kumbukumbu, ambao walitakiwa kuilipa Rambus ushuru wa hataza kwa kila chipu waliyotengeneza, hawakuwa na haraka ya kuikuza. Walikuwa na njia yao wenyewe iliyopitishwa na JEDEC, chombo cha viwango ambacho kampuni nyingi ni wanachama wake. Njia hiyo ilikuwa DDR: wazo lilelile la SDRAM, biti 64 zilezile, isipokuwa data hupitishwa mara mbili katika kila pigo la saa badala ya mara moja. Viwanda viliweza kuitengeneza kwa mitambo karibu ileile, na kiwango chake kikachapishwa mwaka 2000. DDR ya megahezi 266 ilipitisha gigabaiti 2.1 kwa sekunde, nayo ikaitwa PC2100, kwa kuhesabu megabaiti badala ya megahezi. Mnunuzi asiyejua, aliyekuta PC800 upande mmoja wa rafu na PC2100 upande wa pili, alijua la kuchagua bila kumuuliza muuzaji.

AMD, mpinzani wa Intel katika prosesa, ilishika upande wa DDR. Intel ilitoa prosesa yake ya Pentium 4 mwishoni mwa 2000 ikiwa imefungwa na RDRAM, lakini mwaka uliofuata ikatoa chipseti iliyokubali SDRAM, na muda si mrefu nyingine iliyokubali DDR. Kufikia hapo RDRAM ilikuwa imemalizika katika kompyuta za mezani.

Je, RDRAM ilishindwa kwa sababu ilikuwa mbaya?

Kwa maoni yetu, hapana, ila ilimtaka mtumiaji alipe gharama nyingi ndogondogo juu ya ile kubwa. Ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko SDRAM. Ilipata joto kiasi cha kufunikwa kwa bamba la chuma. Ilipitisha data nyingi kwa sekunde, lakini biti ya kwanza ilichelewa kufika, na programu nyingi za ofisini husubiri biti ya kwanza kuliko zinavyosubiri wingi.

Kisha kulikuwa na jambo la sloti tupu. Katika RDRAM mawimbi ya umeme hupita katika kadi zote moja baada ya nyingine hadi mwisho wa njia, kwa hiyo sloti isiyo na RAM lazima ijazwe kadi tupu isiyo na chipu hata moja, ya kuunganisha njia tu. Mwandishi wa maelezo haya aliijua habari hiyo kwa aibu. Alipokuwa anajifunza kazi, alifungua Pentium 4 ya mtumba, akakuta kadi mbili zenye chipu na mbili ambazo zilikuwa ubao mtupu, akadhani mtu wa huko ughaibuni alisahau kubandika chipu, akazitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya machungwa. Mashine haikuwaka tena. Fundi mkuu alimwangalia, akauliza, "Kijana, vile vibao vitupu viko wapi?" Vilipatikana chini ya ndoo, vikafutwa kwa spiriti, na mashine ikawaka.

Baada ya hapo Rambus ilifanya nini?

Ilikwenda mahakamani. Ilidai kwamba hata SDRAM na DDR zinatumia uvumbuzi wake, na kuanzia mwaka 2000 ikawashitaki au ikashitakiana na Infineon, Hynix, Micron na wengine. Wapinzani wake walijibu kwamba Rambus ilikaa katika vikao vya JEDEC mwanzoni mwa miaka ya 1990 bila kueleza hataza ilizokuwa ikiziandaa. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliamua mwaka 2006 kwamba Rambus ilijipatia uhodhi kinyume cha sheria. Mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2008.

Wapinzani wenyewe hawakuwa malaika. Katika miaka hiyohiyo watengenezaji wa DRAM walikutwa wakipanga bei kwa siri. Infineon ilikiri mwaka 2004 na kulipa faini ya dola milioni 160 nchini Marekani, Hynix ikalipa milioni 185, na Samsung milioni 300. Mtu anapotuambia kwamba soko huria liliichagua DDR kwa haki, tunamkumbusha faini hizo.

Kwa nini matoleo ya DDR hayaingiliani?

Kwa sababu kila toleo limebadilisha umeme linaoutumia na mpangilio wa mawasiliano, na pengo la katikati ya pini limesogezwa makusudi ili mtu asiweze kukosea. DDR ya kwanza ilitumia volti 2.5, DDR2 volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 2020, volti 1.1. Ukiona kadi haiingii, usiisukume. Tumepokea ubao mama uliopasuka sloti kwa sababu mwenyewe aliamua kutumia kiganja chote.

Pana mtego mmoja ambao pengo haliuzuii: DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35 hufanana umbo. Kompyuta mpakato nyingi za kizazi cha nne cha Intel zinataka DDR3L, na zikipewa ile nyingine huenda zisiwake kabisa. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya kadi. Herufi L ndogo hiyo ndiyo tofauti baina ya kurudi nyumbani na kurudi dukani.

Je, flashi nayo ilikuwa na ushindani wake?

Ndiyo, na cha ajabu ni kwamba pande zote mbili zilizaliwa katika nyumba moja. Fujio Masuoka wa Toshiba alitangaza flashi ya aina ya NOR mwaka 1984, na ya aina ya NAND mwaka 1987. Jina lenyewe lilitokana na mwenzake kuona kwamba kufutwa kwa data kwa mkupuo kunafanana na mmweko wa kamera.

NOR humruhusu prosesa kusoma baiti yoyote aitakayo moja kwa moja, na hata kuendesha programu kutoka humohumo. NAND haina adabu hiyo: husomwa ukurasa mzima kwa wakati mmoja na kufutwa kwa vitalu vikubwa, lakini seli zake zimebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, hivyo gharama ya kila biti ni ndogo zaidi. Intel iliifanyia NOR biashara kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamera, vichezeo vya muziki na simu zilipohitaji kubeba picha na nyimbo, hakuna aliyejali kusoma baiti moja moja, na NAND ikachukua soko. NOR haikufa. Fungua ubao mama wowote utakaokutana nao na utafute chipu ndogo yenye miguu minane karibu na betri ya saa au karibu na chipseti: mara nyingi hiyo ni NOR, nayo ndiyo imebeba programu ya kuwashia mashine.

Masuoka aliishitaki Toshiba mwaka 2004 kwa kutolipwa ipasavyo kwa uvumbuzi wake, na mwaka 2006 walimalizana kwa yeni milioni 87. Kwa mtu ambaye kazi yake imo mfukoni mwa karibu kila mpita njia wa Msimbazi, tunaona ni malipo ya soda.

Ushindani wa sasa ndani ya NAND umehamia juu. Mwaka 2013 Samsung ilianza kutengeneza chipu zenye tabaka 24 za seli, na tangu hapo tabaka zimezidi mia mbili. Watengenezaji pia wameongeza idadi ya biti katika kila seli, kutoka moja hadi mbili, tatu na nne. Kila biti inayoongezwa hupunguza bei, na hupunguza pia idadi ya mara ambazo seli inaweza kuandikwa kabla ya kuchoka: seli ya biti moja ilihesabiwa kuvumilia mara laki moja hivi, ilhali ya biti nne huhesabiwa kwa mamia hadi elfu moja hivi. Kwa diski ya mfumo katika kompyuta ya ofisi tunapendekeza biti tatu, na ya biti nne tunaiachia kazi ya kutunza filamu.

Nilisikia Intel ilikuwa na kumbukumbu iliyochanganya RAM na diski. Imekwenda wapi?

Unazungumzia 3D XPoint, iliyotangazwa na Intel pamoja na Micron mwezi Julai 2015 na kuuzwa kwa jina la Optane kuanzia 2017. Ahadi zake zilikuwa kubwa: kasi mara elfu moja kuliko NAND, uimara mara elfu moja, na msongamano mara kumi kuliko DRAM, na juu ya hayo haikusahau umeme ulipokatika. Bidhaa zilipofika hazikufikia namba hizo, ingawa kwa kusoma vipande vidogovidogo vya data zilikuwa nzuri kweli, na watu wa hifadhidata bado wanazililia.

Tatizo lilikuwa ni kukaa katikati. DRAM ilibaki na kasi zaidi, NAND ilibaki na bei nafuu zaidi, na zote mbili zilikuwa zinatengenezwa na kampuni kadhaa zinazosukumana kushusha gharama kila mwaka, wakati 3D XPoint ilikuwa na kiwanda kimoja Lehi, Utah. Bila wanunuzi wengi kiwanda hakijai, na kiwanda kisipojaa bei haishuki, na bei isiposhuka wanunuzi hawaji. Micron ilijiondoa mwaka 2021 na kukiuza kiwanda hicho kwa Texas Instruments. Intel ikafunga hesabu mwezi Julai 2022, ikiandika hasara ya dola milioni 559 kwa akiba ya bidhaa iliyobaki.

Vipi kuhusu MRAM, FRAM na ReRAM, ambazo kila mwaka husemwa kuwa zitaiondoa DRAM?

Zipo na zinafanya kazi, ila katika vyumba vidogo. MRAM, inayohifadhi biti kwa usumaku, iliingia sokoni mwaka 2006, na hutumika penye haja ya kuandika mara nyingi sana bila kuchakaa na bila betri. FRAM hutumia umeme mdogo mno, hivyo huwafaa watengenezaji wa mita na vifaa vya vipimo. Hakuna hata moja iliyokaribia kuifikia DRAM kwa wingi wa biti kwa kila shilingi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti atapata mengi humo. Mteja anayetafuta RAM hana haja ya kusubiri.

HBM ni nini, na inahusianaje na bei ya RAM Kariakoo?

HBM si teknolojia mpya ya seli. Ni DRAM ileile, isipokuwa vipande vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine kama sahani, vikaunganishwa kwa nyaya zinazotoboa silikoni kwenda chini, na kuwekwa jirani kabisa na prosesa. Katika matoleo yake hadi HBM3, kila rundo lina njia pana ya biti 1,024, wakati chipu moja ya GDDR, mpinzani wake katika kadi za picha, ina biti 32 zinazokwenda mbio. Msomaji makini ataona kwamba huu ni ugomvi uleule wa Rambus na DDR uliogeuzwa: upana dhidi ya kasi. AMD na SK Hynix ndio waliosukuma HBM, na ilionekana sokoni mara ya kwanza mwaka 2015 katika kadi za picha za AMD. Micron ilikuwa na mpinzani wake aliyeitwa HMC, lakini ikaachana naye mwaka 2018. Kwa miaka kadhaa wachezaji wa michezo ya kompyuta waliona HBM ni ghali bila sababu, nao hawakukosea, GDDR iliwatosha.

Kisha zikaja seva za akili bandia, ambazo zinahitaji kupitisha data nyingi mno kila sekunde na wanunuzi wake hawaulizi bei. Hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, zina sehemu kubwa sana ya DRAM yote duniani, na gigabaiti moja ya HBM hula silikoni karibu mara tatu ya gigabaiti moja ya DDR5. Kiwanda kinapogeuza mitambo yake kwenda HBM, RAM ya kawaida inapungua. Mwaka 2025 bei zilipanda kwa kasi, na mwezi Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kwamba inaachana na kuwauzia watumiaji wa kawaida kwa jina la Crucial.

Mzee mmoja wa Temeke, mteja wetu wa miaka mingi, alipotajiwa bei alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka jana ulinipa hii hii kwa nusu yake." Tulimwambia, "Ni kweli, mzee wetu, na hata sisi tunanunua kwa bei hiyo." Si jibu la kumfurahisha mtu, lakini sababu yake ndiyo hii tuliyoieleza.

Je, RAM ya mtumba inafaa?

Inafaa, na karibu nusu ya kazi zetu hutegemea hiyo. DRAM haichakai kwa kuandikwa kama flashi. Ikiwa haikuunguzwa na umeme wala kuvunjwa, inaweza kuishi kuliko kompyuta iliyoibeba. Adui yake hapa pwani ni unyevu na hewa ya chumvi, ambayo huacha ukungu mwembamba juu ya pini za dhahabu. Kadi inayosemwa imekufa mara nyingi inahitaji ufutio wa penseli tu: weka kadi juu ya karatasi, sugua pini kwa upole kuelekea nje, pangusa kwa brashi kavu, na uirudishe hadi usikie vifungo viwili vikilia. Baada ya hapo iendeshe na programu ya majaribio ya kumbukumbu usiku kucha kabla ya kumlipa muuzaji salio. Diski ya SSD ya mtumba ni habari nyingine, kwa kuwa imejengwa kwa flashi, ambayo huchakaa. Hiyo omba kwanza kuonyeshwa idadi ya data iliyokwisha kuandikwa.

Ninunue kadi moja ya gigabaiti 16 au mbili za 8?

Mbili, ikiwa ubao una njia mbili za kumbukumbu na sloti za kutosha, kwa sababu prosesa itasoma pande zote mbili kwa pamoja. Moja, ikiwa unakusudia kuongeza nyingine kabla ya mwaka kwisha.

Nina kadi za Rambus nilizozikuta katika kompyuta ya zamani. Zina thamani yoyote?

Kwa kazi ya kila siku hazina. Wapo wachache wanaotunza mashine za Pentium 4 za mwanzo ambao huzitafuta, nasi tuna droo yenye kadi mbili za aina hiyo ambazo tunawaonyesha wanafunzi jinsi bamba la chuma lilivyokaa. Ukizileta tutazipokea na kukupa kitu kidogo. Lakini tafadhali usiziache nyumbani zile kadi nyingine mbili zisizo na chipu.